Miguu Ikiomba Talaka

Mwanamvua binti Saburi wa Kongowe alikuwa na miaka hamsini na mbili, meno ishirini na sita, na ulimi mmoja uliofanya kazi ya watu watatu. Msibani walimketisha mbali na wafiwa wasije wakacheka. Harusini walimketisha mbali na bwana harusi asije akalia. Lakini asubuhi moja ya masika, alipomwona mwanamke anatoka mbio kwenye vichaka vya njia ya Mpiji, mzaha wote ulimkauka. Alitupa jembe, akaokota fimbo, akajibanza nyuma ya mkorosho kumngoja huyo mnyama, au huyo mwizi, anayemfukuza mwenzake.

Mnyama hakutokea. Alitokea mwanamke peke yake, saa mkononi, raba nyeupe zilizogeuka rangi ya tope, na sketi aliyoikunja akaibana kwa pini.

"Nani anakukimbiza?" Mwanamvua akauliza kutoka nyuma ya mti.

Yule akasimama, mikono kiunoni, anahema. "Shikamoo mama. Hakuna."

"Marahaba. Basi wewe unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu."

Mwanamvua akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akitafuta ugonjwa umeingilia wapi.

Mgeni akajieleza. Aliitwa Laurensia, mpiga taipu wa ofisi moja pale Kibaha, mzaliwa wa Tabora. Siku ya Saba Saba kungekuwa na mbio za nyika, kutoka Kongowe mpaka Kisarawe, kilomita thelathini na mbili, au maili ishirini kwa watu wa hesabu za zamani. Hawatapita barabarani. Watafuata njia za miguu, wakate mto Mpiji, wavuke reli, halafu wapande msitu mpaka kilimani. Mwaka uliotangulia redio ilikuwa imetangaza kwamba kijana wetu amewashinda walimwengu kule Nyuzilendi, na tangu siku hiyo kila mwenye miguu miwili alijiona ana deni na nchi.

"Na wewe utawashinda?"

"Mimi? Siwezi kumshinda hata mbuzi. Nataka kufika tu."

"Kisarawe kuna lori la ushirika. Jumanne na Ijumaa."

"Najua."

"Tabora, umesema. Mnyamwezi wewe." Mwanamvua akatupa ile fimbo. "Ungeanzia hapo nisingepoteza wakati. Babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na nyinyi hadi leo mnadhani kuna mzigo umesahaulika njiani."

"Na nyinyi Wazaramo mliwaona wanapita," Laurensia akajibu huku anafunga kamba za raba, "mkakaa vivulini kungoja watue muwauzie maji."

Mwanamvua akafurahi mno. Ulikuwa umepita muda tangu apate mtani wa kiwango chake.

*

Wakati huo nyumbani kwa Mwanamvua, chumba cha nyuma, kulikuwa na mwali. Ni Biasha, mjukuu wake, binti wa mwanawe Salumu aliyekuwa akifanya kazi mkongeni Tanga. Biasha alivunja ungo mwezi wa Januari, yuko darasa la sita, na siku ile ile akawekwa ndani kama wanavyowekwa wasichana wote wa ukoo ule. Haoni jua, haonwi na mwanamume, hasemi kwa sauti. Mengine ya chumba kile hayaandikwi. Aliyepitia anayajua, na asiyepitia akae na hamu yake.

Mwenye neno juu ya mwali alikuwa Mwinjuma, mdogo wa marehemu mumewe Mwanamvua, mkubwa wa ukoo. Kwake mwali hatoki kabla ya misimu mitatu ya mvua. Mwalimu wa shule alikwisha kuja mara mbili, mara ya pili na daftari: shule zikifunguliwa baada ya Saba Saba na Biasha hayupo, jina lake linakatwa.

Mwanamvua alimkuta shemeji yake barazani anasuka tenga, na jirani wawili wanampasulia fito. Mmoja ni Mashaka, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa la kupambia kichwa tu.

"Shemeji, yule mtoto mwachie arudi shule."

"Mwali ni muhogo," Mwinjuma akasema bila kuinua macho. "Ukimchimbua kabla ya wakati ni maji matupu."

"Na ukimsahau ardhini anageuka kuni."

Jirani wakacheka. Mwinjuma akaweka tenga chini. "Wewe ulikaa ndani misimu mitatu. Ulikufa?"

"Sikufa. Niliolewa na kaka yako, tofauti ni ndogo."

Hapo hata Mwinjuma alicheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana kicheko humfungua mtu mdomo kuliko alivyokusudia.

"Haya, shemeji. Nimesikia unamfuatafuata yule karani wa Kibaha anayehangaika porini. Siku ya Saba Saba kimbia nao. Ukifika Kisarawe kwa miguu yako mwenyewe, hukupanda baiskeli, hukushikwa mkono, hukubebwa, na mgeni rasmi hajaanza hotuba, mwali anatoka kesho yake. Usipofika, anamaliza misimu yake yote, na mimi nisilisikie tena jambo hili."

"Rudia. Mashaka hakusikia vizuri."

"Nimesikia," akasema Mashaka.

"Basi rudia kwa ajili ya lile sikio jingine."

Mwinjuma akarudia, huku anajifuta machozi ya kicheko.

*

Kesho yake alfajiri Laurensia alimkuta amesimama kwenye mkorosho ule ule, kanga moja kichwani na nyingine ameifunga kibwebwe.

"Nifundishe."

"Kukimbia?"

"Kukimbia najua, nimelea watoto sita. Nifundishe kutosimama."

Walianza barabara ya Morogoro kwa kuhesabu nguzo za simu. Nguzo mbili kukimbia, nguzo mbili kutembea. Siku ya kwanza Mwanamvua alifika nguzo ya sita akakumbatia ile ya saba kama ndugu aliyepotea. Wiki ya pili ikawa nguzo tatu kwa moja. Wiki ya nne wakaiacha barabara wakaingia njia za miguu, na huko hakuna nguzo. Kuna mizizi, mchanga unaomeza kisigino, na tope la masika linaloshika mguu na kuuliza habari za nyumbani.

"Kanuni ni moja," Laurensia alimwambia. "Unapokimbia uweze kuongea. Ukishindwa kuongea, ujue umezidisha mwendo."

"Basi mimi sitazidisha maisha yangu yote."

Makosa aliyafanya yote yaliyopo. Alikula bada la muhogo na papa mkavu akatoka mbio, na ukingoni mwa Mpiji akavirudisha vyote, kwa mpangilio ule ule alioviingizia. Alijaribu raba za Laurensia, akasema ni kama kuvaa mitungi, akarudi kwenye nyayo alizopewa na Mungu. Mapaja yalichubuka mpaka akagundua mafuta ya nazi yana kazi zaidi ya nywele. Ukucha wa kidole gumba ukaingia weusi, ukang'oka. Akaufunga kwenye pindo la kanga aende kumwonyesha mwali.

Maana mwali alikuwa ndani ya mbio hizo kuliko mtu yeyote. Kila alfajiri, baada ya sala, Mwanamvua alipita nyuma ya chumba kile, na Biasha akagonga ukuta wa udongo mara tatu. Akirudi, anagongewa tena. Ukutani palikuwa na tundu dogo mahali mjiti ulipooza, na mwanga wake ulitambaa sakafuni asubuhi nzima. Biasha alipiga alama za mkaa pale mwanga ulipofika kila bibi yake aliporudi. Alama zilikuwa zinasogea. Zilianza karibu na kitanda, zikaelekea mlangoni.

"Leo umefika wapi, bibi?" sauti ilinong'ona tunduni.

"Mpijini."

"Kukoje?"

"Kuna maji, na vyura wanaolalamika kuliko babu yako Mwinjuma. Shika."

Akapenyeza unyoya wa kanga wa mwituni. Kesho yake jani la mbungo. Keshokutwa jiwe jeupe la relini, ambalo halikupita, ikabidi tundu litanuliwe kwa kijiko. Mwanamvua alipenyeza nyika nzima kwenye chumba kile, kipande kwa kipande, na kwa kila kipande akatunga uongo wa kukisindikiza.

Watu wa Kongowe walisema mengi. Wengine walisema ana pepo wa Kinyamwezi. Alipokutana nao njiani aliwapungia mkono na kupita, na wote walikubali kwamba Mwanamvua kumpita mtu bila kumchokoza ni dalili ya ugonjwa mkubwa.

*

Mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimeanza kulegea, Laurensia alimpeleka kwa mara ya kwanza mpaka msitu ulio chini ya Kisarawe. Waliondoka nyota bado zipo. Walipovuka reli jua lilikuwa linachomoza nyuma ya ukungu, halionekani, ila ukungu wenyewe umeingia rangi ya chungwa. Halafu miti ikawafunika.

Laurensia alitangulia akapotea kwenye kona. Mwanamvua akabaki peke yake na pumzi yake. Alikuwa na utani ameutayarisha, kuhusu makalio ya Wanyamwezi yanavyoonekana kwa nyuma, akawa anautunza mpaka amfikie. Akapanda, akashuka, akaruka mzizi, akapanda tena. Mahali fulani, hakuweza kusema baadaye ni wapi, pumzi na mguu vikaacha kugombana. Mguu ukatua pumzi ikatoka, mguu ukatua pumzi ikaingia, na yeye mwenyewe hakuwa akifanya kazi yoyote. Hakuwa anakimbia. Kitu kilikuwa kinakimbia, naye amepewa ruhusa ya kuwamo.

Juu yake matawi yakatikisika. Mbega wanane, labda kumi, walikuwa wakipita kileleni kuelekea upande ule ule anaokwenda yeye, migongo myeusi na ile mikia myeupe mirefu inaning'inia. Hawakupiga kelele. Waliruka na kutua, kuruka na kutua, na matone ya umande yakamwagika kila walipopita, yakamwangukia usoni. Kwa muda wa kama nguzo ishirini walikwenda pamoja, wao juu yeye chini.

Akakumbuka siku aliyotolewa yeye. Misimu mitatu gizani, amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, wanawake wakambeba begani kumtoa nje, vigelegele, ngoma, jua likampiga usoni kama kofi. Walipomshusha, magoti yalikunjika akaanguka mbele ya watu wote. Alikuwa na miaka kumi na sita na miguu yake haikujua kusimama. Walicheka, naye akacheka, na pengine ndiyo siku aliyojifunza kuwahi kucheka kabla ya wengine.

Ilikuwa miguu hii hii. Miaka yote imeteka maji, imepalilia, imesimama foleni ya sukari, na ndani yake kulikuwa na hiki kitu kimelala, kama maji chini ya mchanga wa mto mkavu, na hakuna aliyewahi kumwambia achimbe.

Alimkuta Laurensia amekaa juu ya gogo anamngoja.

"Mtani, mbona kimya? Umezidisha mwendo?"

Mwanamvua akafungua mdomo kuutoa ule utani. Haukuwepo. Akatikisa kichwa tu, akapita, akaendelea kukimbia.

Siku ile aliporudi, mwanga wa tundu ulikuwa umeshavuka mlango.

"Leo kukoje, bibi?"

Mwanamvua akaegemeza paji la uso kwenye ukuta.

"Bibi? Unaumwa?"

"Siumwi. Leo sina uongo wa kukuletea. Utakwenda kuona mwenyewe."

*

"Jambo moja," Laurensia alimwambia wiki ya mwisho. "Baada ya reli, utafika mahali ambapo mwili unakataa. Si kuchoka kwa kawaida. Miguu inakwambia basi, imetosha, tuachane."

"Kumbe inaomba talaka."

"Utaipa?"

"Moja nitaipa, na ya pili, maana hizo zina marejeo. Ya tatu ndiyo haina kurudi. Hiyo nitaikalia."

Saba Saba ikafika, baridi, anga safi. Wakimbiaji walikuwa hamsini na kitu, wengi vijana wa Mzenga waliovaa fulana za namba na kurukaruka kana kwamba ardhi ina moto. Bwana michezo, kijana mmoja jina lake Gregori, alikuwa na orodha na filimbi.

"Bibi, tunamwandika mjukuu gani?"

"Andika mimi."

Gregori akamtazama, akatazama kibwebwe, akatazama kalamu yake. "Umri?"

"Andika wa kutosha."

Alimweleza utaratibu: wanaondoka saa moja kamili, na saa tano na nusu mgeni rasmi anaanza hotuba, kwa hiyo baada ya hapo hakuna anayeandikwa. Wazee wa chama walikuwa wanapanda lori kwenda Kisarawe kuwangojea. Mwinjuma alikuwa juu, kanzu yake ya sikukuu inameta.

"Tutaonana huko, shemeji. Nikushikie kivuli?"

"Nishikie maji. Kivuli kaa nacho wewe."

Filimbi ikalia. Vijana wakaruka kama panzi, vumbi likafunika dunia. Lilipotulia, Mwanamvua alikuwa wa mwisho, na Laurensia kando yake.

"Nenda," akamwambia. "Kila mtu na nguzo zake."

Mpaka Mpiji alikuwa anaongea peke yake, kwa hiyo alijua hajazidisha. Mto ulikuwa umebaki kamba ya maji magotini. Kule ng'ambo alianza kuwaokota vijana mmoja mmoja, wameshika mbavu, wanatembea. "Hamjambo wajukuu," akawaambia, akapita. Relini alikunywa maji kwenye kata ya mwanamke asiyemjua, akalamba chumvi aliyoifunga pindoni, akatoka.

Talaka ya kwanza iliombwa hapo hapo, jua linapanda, njia nyeupe ya mchanga haina hata kichaka. Miguu ikasema haimjui. Akaipa: akatembea hatua mia akizihesabu, halafu akairejea, ikakubali kwa shingo upande.

Ya pili ilimpata msituni, kwenye mlima wenyewe. Aliketi juu ya mzizi kabla hajaamua kuketi. Mapaja yalikuwa yakitetemeka yenyewe kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Kando ya njia alikuwa amelala kijana mmoja wa Mzenga, fulana namba kumi na moja, amefumba macho.

"Pumzika bibi," kijana akasema. "Mlima huu si wetu."

Mwanamvua alitaka kumkubalia. Ndipo kutoka juu, katikati ya miti, ikaja sauti ya bomba la kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili, tatu. Walikuwa wanakijaribu kwa ajili ya hotuba.

Hakuna mbega waliopita. Hakuna pumzi iliyokubaliana na mguu. Kilichokuwapo ni tundu la ukuta, na kucha za mtoto zikigonga mara tatu. Akashika mti, akasimama. "Nimekurejea," akaiambia miguu. "Imebaki moja, na hiyo siitoi hata mkiniletea kadhi." Namba kumi na moja alifumbua macho akamwona anaondoka, akakaa kitako.

Alipotoka msituni, jua likampiga usoni. Mbele kulikuwa na kisima cha mji, halafu mwinuko mfupi, halafu utepe, jukwaa, watu. Na pale kisimani wanawake wa Kisarawe, kundi zima na ndoo zao, na mbele yao Mwanahalima, aliyechezwa naye ngoma ya unyago mwaka mmoja.

Waliona mama mtu mzima mwenye kibwebwe, ametapakaa vumbi, anatoka gizani mwa miti kuingia kwenye jua, peke yake, anayumba lakini anakuja. Kwa mwanamke wa Uzaramo anayetoka gizani kuja kwenye jua, heshima ni moja tu, na mikono yao iliijua kabla ya vichwa. Kigelegele kikapasuka. Ndoo zikaanguka. Mwanamvua akajikuta yuko juu ya mabega, miguu haigusi chini, anapelekwa.

"Nishusheni," akasema.

"Msikieni huyu," Mwanahalima akawaambia wenzake. "Hata leo anatania."

"Sitanii. Nishusheni, naapa kwa Mungu."

Wakacheka mpaka wakayumba. Hamsini na mbili ni miaka mingi ya kutania watu. Alipotaka kuaminiwa mara moja tu, hazina ilikuwa tupu. Aliwapiga makofi ya vichwa, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mwishowe aliinama akamng'ata Mwanahalima sikio, akang'ata kweli, na hapo wakamshusha.

Alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye utepe. Jukwaani, mstari wa mbele wa wazee, Mwinjuma alikuwa amesimama. Alikuwa ameona. Wakatazamana. Gregori naye alishamkunjulia orodha, anampungia aje. Kwake yeye, na kwa mji mzima wa Kisarawe, bibi alikuwa amefika. Ni watu wawili tu waliojua.

Wangeweza kubaki wawili. Hilo Mwanamvua alilifikiria, na asingekuwa yeye kama asingelifikiria.

"Mliniokota wapi?" akamuuliza Mwanahalima.

"Kisimani," Mwanahalima akasema, ameshika sikio. "Una nini wewe?"

Mwanamvua akageuka, akaanza kushuka kurudi kisimani.

Nyuma yake kipaza sauti kikakohoa: "Ndugu wananchi, muda umewadia. Tunamwomba mzee wetu Mwinjuma kutoka Kongowe atufungulie kwa dua, kisha tutamkaribisha mgeni rasmi."

Alisikia akiwa nusu ya mteremko. Hakuharakisha, maana hakuwa na cha kuharakishia. Akafika kisimani, akagusa ukuta wake kwa kiganja, akageuka. Mwinuko uliokuwa mfupi ulikuwa umekua. Na sauti ya shemeji yake ikaanza kutoka kwenye bomba juu ya nguzo.

Mwinjuma aliomba kwa ajili ya nchi na viongozi wake. Akaomba kwa ajili ya chama. Akaomba mvua ya vuli, na ya masika, na ile ndogo ya katikati. Mwanamvua alikuwa amepiga hatua thelathini. Miguu ikaomba ya tatu, haikuomba, ilidai. Akatazama mbele asiione. Mwinjuma akaombea mikorosho, minazi, mihogo, akaitaja mihogo kwa aina zake. Akaombea wagonjwa, wajawazito, walio safarini kwa lori, kwa treni, na kwa miguu, na hapo kwenye miguu sauti yake ikapungua kidogo, kisha ikakaza. Watu wenye mikono iliyoinuliwa wakaanza kuchoka mabega. Mgeni rasmi alichungulia saa, lakini nani atakayekata dua ya mzee mbele ya umati? Mwinjuma akaombea mbuzi. Akaombea visima vya Kisarawe na wanawake wanaoteka humo. Akaombea baiskeli za serikali zisipate pancha. Alikuwa amefumbua macho, na macho yale hayakuwa mbinguni, yalikuwa mteremkoni, yanamvuta mwanamke yule hatua kwa hatua kama mtu anayevuta ndoo iliyojaa asiyotaka imwagike.

Umati ukafuata macho yake. Hakuna aliyejua ni kwa nini, lakini hakuna aliyebaki akimtazama mgeni rasmi. Wanawake wa kisimani walikuwa wamejipanga pande mbili, mikono wameifumbata nyuma wasije wakaisahau tena. Hata namba kumi na moja alikuwa ametoka msituni, anapanda nyuma yake, hampiti.

Mwanamvua hakuwa akikimbia mbio za kusimuliwa. Mtoto mchanga anayejifunza angemzidi. Ila mguu ulitua, pumzi ikatoka. Mguu ukatua, pumzi ikaingia. Utepe ukamgusa kifuani.

"Amina," akasema Mwinjuma kwenye kipaza sauti, na Kisarawe nzima ikaitikia, wengi kwa shukrani za mabega yao.

Alishuka jukwaani na kikombe cha maji. Mwanamvua alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama vitu vya mtu mwingine. Laurensia, aliyefika nusu saa kabla, alikuwa amempigia magoti anamkanda nyayo na kulia bila aibu.

"Maji yako, shemeji. Nilikushikia."

Akanywa yote. Mwinjuma alikuwa anaitazama miguu ile. Vumbi, damu kidogo, kidole gumba kisicho na ukucha. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeoneshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Sikujua kama unaijua dua ndefu hivyo," Mwanamvua akasema.

"Hata mimi." Akachukua kikombe. "Mwali anatoka kesho."

Mgeni rasmi alihutubia saa moja na robo. Mwanamvua alilala usingizi tangu "ndugu wananchi" ya kwanza, kichwa begani kwa mtani wake.

*

Kesho yake, jua likiwa limepanda kiasi cha mkono mmoja, wanawake walimtoa Biasha. Alibebwa begani kama inavyopasa, ameinamisha kichwa, amefumba macho, mikononi ameshika jiwe jeupe la relini. Mwinjuma alisimama mbali kwa adabu, amewapa mgongo. Ngoma ilikwenda mpaka barabarani, na pale kwenye nguzo ya kwanza ya simu Mwanamvua akasema mshusheni.

Wakamshusha. Magoti ya mtoto yakatetemeka, yakakunjika nusu. Bibi yake, aliyekuwa anatembea siku ile kama bata mwenye mimba, akasogea karibu, mkono tayari lakini hakumshika. Magoti yakasita, yakanyooka.

Biasha akafumbua macho. Barabara ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka, na nguzo zimepangana mpaka zinakuwa nyembamba kama njiti.

"Bibi, twende mpaka wapi?"

"Mpaka ile ya pili," Mwanamvua akasema. "Halafu uniambie kukoje."